Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuhesabu Madoa

Ijumaa hii, saa tisa na nusu alasiri, mtunza vifaa mkuu wa Idara ya Masikio, Pua na Koo atafunga kabati la kamera kwa mara ya mwisho na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika miaka thelathini na miwili kamili, akashuka hadi dirishani kwao na barua yake ya ajira iliyokunjwa mara nne, wakarekebisha palepale huku amesimama.

Kwenye orodha ya mishahara ana jina lake kamili la heshima. Humu ndani, kuanzia getini mpaka ofisi ya mganga mkuu, anaitwa Bi Madoa, na ukimtafuta kwa jina jingine walinzi watakuapia kwamba mtu huyo hayupo. Daktari mmoja kijana aliyehamia kwetu alilisikia jina hilo siku yake ya kwanza, akampelekea koti lake jeupe lililomwagikiwa wino, akiamini ndiye mtu wa dobi. Bi Madoa alilipokea, akalifua, akalipiga pasi, akalirudisha kesho yake. Ndipo akamweleza kwamba kazi yake ni kutunza kamera zinazoingia ndani ya sikio la binadamu, na kwamba koti lijalo afue mwenyewe.

Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilikwenda kumwomba ruhusa. Nimefanya naye kazi miaka kumi na minne, kumi na mmoja kati yake nikiwa msimamizi wa wauguzi wa chumba cha upasuaji, kwa hiyo nilijua ruhusa haitatoka bure. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kosa lake la dereva liandikwe, na liandikwe lote. Alisema akisikia sifa tupu atajua amevishwa kilemba cha ukoka na atatoka ukumbini kabla soda hazijafunguliwa. Basi kosa litaandikwa. Na kwa kuwa tumeanza mambo ya kukiri, nami nitaandika la kwangu.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita, katika chumba cha kuoshea vifaa kule chini, ambako madirisha yalikuwa juu usawa wa miguu ya watu wanaopita nje. Kazi ilikuwa kupokea sinia la vifaa vyenye damu, kuosha, kuhesabu, kufunga na kuingiza kwenye mashine ya mvuke. Wengi walikikimbia chumba kile kwa sababu ya joto. Yeye alikipenda, na hasa alipenda sinia la masikio, kwa sababu vifaa vyake ni vidogo kupita vyote. Kuna kijiko chenye kichwa cha ukubwa wa punje ya mtama, na kuna ndoano ambayo ukiiweka mezani na kupiga chafya, umeipoteza. Katika miaka yake mitano ya mwanzo hakikupotea hata kijiko kimoja. Jioni alikuwa akienda chuo, akarudi na cheti, na mganga mkuu wa wakati huo akampandisha ghorofani.

Ili wasio wa idara yetu wasiachwe nyuma, nieleze kidogo. Zamani daktari alilitazama sikio kwa hadubini kubwa, akiwa nje. Hadubini inaona kilicho mbele yake tu, na sikio lina kona. Mambo mengi ya sikio la kati yamejificha nyuma ya kona, na sikio la ndani limejificha zaidi, ndani ya mfupa mgumu, likiwa limejiviringa kama gamba la konokono. Kisha zikaja kamera nyembamba. Ya kwanza ilikuwa na unene wa kijiti cha kiberiti, nayo iliweza kuingia sikioni na kutazama nyuma ya kona. Baadaye ikaja nyingine, nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo, ambayo mikononi mwa daktari mtulivu inaweza kufika hadi mlangoni mwa lile gamba la konokono na kuchungulia ndani. Tunaiita kamera ya uzi.

Kamera hizo hubeba picha kwa maelfu ya nyuzi za kioo zilizofungwa pamoja. Uzi mmoja ukikatika, mahali pake kwenye skrini hubaki nukta nyeusi. Ukiikunja vibaya, ukiibana na mfuniko, ukiiosha kwa haraka, unaongeza nukta. Hizo ndizo tunazoita madoa, na hayapanguswi kwa kitambaa chochote.

Kasha la kiwandani lilikuwa na tabia ya kuibana kamera penye shingo. Bi Madoa alililalamikia mwaka mzima, kisha akaacha kulalamika na kumwomba mumewe, ambaye ni seremala, atengeneze kasha la mbao lenye mfereji wa mduara uliotandikwa kitambaa laini. Seremala alitengeneza makasha sita kabla ya mkewe kuridhika. Matano ya kwanza yapo nyumbani kwao na yanahifadhi vijiko, vifungo, na mikasi ambayo wajukuu hawaruhusiwi kushika. La sita lipo kabatini kwetu mpaka leo.

Sasa kosa. Miaka kumi na tisa iliyopita alilazwa kwetu dereva wa lori aliyekuwa akishikwa na kizunguzungu cha ghafla, jambo ambalo kwa kazi yake ni hatari kwake na kwa kila aliye barabarani. Madaktari walishuku kwamba maji ya sikio la ndani yanavuja kupitia kidirisha cha duara, kile kiwambo kidogo kinachotenganisha sikio la ndani na la kati. Kamera ikaingizwa kupitia tundu dogo kwenye ngoma ya sikio, na kwenye skrini, katikati ya kiwambo, ikaonekana nukta nyeusi. Daktari bingwa akasema tundu ndilo lile. Dereva akafunguliwa sikio siku hiyohiyo ili tundu lizibwe. Tundu halikuwepo.

Nukta ile ilikuwa ya kamera. Bi Madoa alikuwa ameiona asubuhi alipokuwa akiiandaa. Alidhani ni vumbi, akapangusa, ikabaki. Akapangusa tena, ikabaki. Akanyamaza. Wakati huo mtunza vifaa hakuwa mtu wa kumwambia daktari jambo mbele ya watu, na yeye mwenyewe alijiambia kwamba daktari ana macho na bila shaka ataona. Dereva alifunguliwa sikio bure, akafungwa bandeji kichwa kizima na kukatazwa usukani kwa wiki sita.

Alikaa na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu aliingia kwenye kikao cha asubuhi cha madaktari, kikao ambacho hakuwa amealikwa, akasema kwamba nukta aliiona na hakuisema. Walikuwepo waliodhani atamwaga unga siku ile. Kisha akapanda wodini akamwambia dereva mwenyewe, maneno yaleyale, bila kuyapunguza. Dereva alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sikio lile zima, kama anavyopenda kusimulia, halafu akauliza kama kamera nayo imelazwa. Kizunguzungu chake kilipatiwa dawa baadaye, akarudi barabarani, na hadi alipostaafu yeye mwenyewe hakupita getini kwetu bila kupiga honi mara mbili. Bi Madoa husema ya kwanza ilikuwa salamu na ya pili malalamiko.

Kutokana na kosa lile likazaliwa daftari. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, huchukua karatasi nyeupe na kuielekezea kamera moja baada ya nyingine. Penye weupe mtupu, kila doa hujionyesha. Huchora mduara kwa kuzungushia kizibo cha chupa ya dawa, na ndani ya mduara huweka kila doa mahali pake, dogo kwa nukta, kubwa kwa nukta nene. Halafu hunakili mchoro huo na kuubandika ukutani karibu na skrini. Madaftari yamefika ishirini na sita. Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza hauna mduara. Una tarehe ya upasuaji wa dereva, na chini yake neno moja, "Niliona."

Daftari peke yake halikumtosha, kwa sababu alijua watu hawasomi kilichobandikwa ukutani. Akaanzisha kusoma madoa. Mgonjwa akishalala usingizi, kabla ya kisu, watu wote chumbani husimama na mikono kifuani, naye husoma: kamera gani, madoa mangapi, kubwa liko wapi, jipya ni lipi. Daktari hurudia idadi kwa sauti. Shughuli nzima huchukua dakika mbili.

Mwanzoni walimcheka. Wapo walioiita ibada ya madoa na kuitikia kwa sauti ya mapambio. Mtu wa dawa ya usingizi wa enzi hizo alikuwa akiangalia saa ya ukutani na kuvuta pumzi kwa nguvu ili asikike. Bi Madoa alisoma vilevile, kwa sauti ileile, kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na akimaliza hupiga hatua moja nyuma. Alikuja mkaguzi mmoja akauliza utaratibu huo umetoka kitabu gani. Bi Madoa alimfungulia daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, akamweleza. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, na ripoti ilipokuja ilishauri hospitali nyingine ziige.

Sasa la kwangu. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliletwa mtoto wa kike wa miaka mitatu. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemwachia uhai na kumnyang'anya usikivu wa masikio yote mawili. Kwa watoto wa namna hiyo kuna kifaa cha kupandikiza, chenye waya laini unaoingizwa ndani ya lile gamba la konokono na kufanya kazi ambayo sikio limeshindwa. Shida ni kwamba baada ya homa ile mfupa huanza kuota ndani ya gamba na kuziba njia ya waya, na ukichelewa njia imekwisha. Sikio la kushoto la mtoto yule lilikuwa limekwisha kuziba. Lilibaki la kulia, na picha za mashine hazikutupa jibu la moja kwa moja kama njia bado ipo. Ilibidi kuchungulia kwa kamera ya uzi, na kama njia ingeonekana, kupitisha waya palepale.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Nakumbuka pale wodini alikuwa bado akimsemesha mtoto huku amempa mgongo, akikunja nguo zake au kutafuta viatu, kama mzazi yeyote anavyofanya. Halafu anakumbuka. Anageuka, anachuchumaa mbele yake, na kuyasema tena maneno yote kwa mikono na kwa uso. Nilikuwa nikimtazama nikitamani kutoka nje.

Siku ya upasuaji tulichelewa. Mgonjwa aliyetangulia alikuwa amechukua saa mbili zaidi, mtoto alikuwa hajala tangu alfajiri, na umeme ulikuwa umeyumba mara moja tukasubiri jenereta. Mimi nilikuwa nimepewa usimamizi miezi mitatu tu kabla, na nilitaka mambo yaonekane yanakwenda. Bi Madoa aliposimama kusoma, nilimwambia kwa sauti ya ukubwa ambayo sasa nikiikumbuka naona haya, kwamba leo tusisome, tumechelewa, yatasomwa baadaye. Alilifunga daftari. Akabandika ukurasa wake ukutani na kwenda kusimama kando ya skrini.

Jambo ambalo sikulifikiria ni hili. Daktari bingwa alikuwa ametoka masomoni, hakuwa ameigusa kamera ya uzi kwa mwezi mzima. Ndani ya mwezi huo nyuzi tano za kioo zilikuwa zimekatika pamoja, na yalipokuwa madoa sita madogo sasa yalikuwa saba, na la saba lilikuwa kubwa. Kamera mbadala haikuwepo. Yote hayo yalikuwa kwenye ukurasa, na ukurasa ulikuwa ukutani, na hakuna aliyeutazama.

Daktari alifungua kidirisha cha duara na kuipeleka kamera mlangoni mwa gamba. Kwenye skrini tuliona weupe wa nyama changa iliyoanza kuota, na ndani ya weupe huo giza sehemu mbili. Moja ilikuwa kubwa, juu kushoto. Nyingine ilikuwa ndogo, chini, kama tundu la sindano. Njia iliyo wazi ndani ya sikio huonekana hivyohivyo, kama giza. Daktari alilichagua giza kubwa, na mtu yeyote mwenye akili timamu angelichagua. Alisema kwa furaha kwamba njia ipo, tena pana, akanyoosha mkono kuomba waya.

Waya ukisukumwa mahali pasipo njia huchana kuta laini za ndani, na sikio lile lingekuwa limekwisha kazi. Lilikuwa ndilo sikio pekee lililobaki. Waya ulikuwa mkononi mwangu na mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyooka.

"Hilo doa ni letu, daktari," alisema Bi Madoa. "Si la mtoto."

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosoma siku zote. Daktari, bila kuinua uso, alimuuliza kama ana hakika, na alimuuliza kwa ukavu wa mtu ambaye hajazoea kuulizwa wala kukatizwa. Mimi nilitamani sakafu inimeze, kwa sababu nilikwisha kuelewa.

"Igeuze kamera kidogo," akasema Bi Madoa. "Njia ya mtoto itasogea. La kwetu litabaki palepale."

Daktari aliigeuza kidogo sana, kama mtu anayegeuza ufunguo wa saa. Weupe wote ukazunguka kwenye skrini. Lile giza dogo likazunguka nao, kutoka chini kuelekea upande wa kulia. Giza kubwa halikutikisika. Lilibaki juu kushoto, mahali palepale ambapo lilikuwa asubuhi kwenye karatasi nyeupe.

Niliurudisha waya kwenye sinia, na muuguzi wa pili akaushika badala yangu. Daktari alimshukuru Bi Madoa kwa neno moja, akashusha pumzi, akaufuata ule mlango wa tundu la sindano. Waya uliingia polepole, mpaka mwisho. Kule kusoma madoa baadaye, nilikokuwa nimeahidi, tulikusahau sote.

Kifaa kiliwashwa baada ya wiki nne, katika chumba kidogo cha kupimia masikio. Bi Madoa aliitwa akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Mtoto alikuwa amekaa chini akipanga vikombe vya plastiki. Baba yake alisimama nyuma yake na kumwita jina lake mara moja, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani. Mtoto aliacha vikombe na kugeuka. Mimi nililia, na sioni aibu kuliandika. Bi Madoa alisema anawahi mashine ya mvuke isije ikapitiliza, na mashine siku ile ilikuwa haijawashwa.

Nilimfuata kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, kwamba nilikuwa mgeni kwenye usimamizi, kwamba muda ulitubana. Hakuingoja. Alitoa daftari, akafungua ukurasa wa siku ile. Mduara ulikuwepo, na madoa saba, na chini yake alikuwa ameandika, "Hayakusomwa." Akanipa kalamu nitie sahihi. Nikatia. Akaniambia tukanywe chai, mdogo wangu, na tangu siku hiyo hajawahi kunitajia tena habari zile hata kwa utani, na utani wake mnaujua. Dakika zile mbili hazijarukwa tena, na daktari bingwa ndiye mkali wa kuzidai kuliko sisi sote.

Ningeweza kuorodhesha mengine. Kamera ya uzi, ambayo waliotuuzia walituahidi miaka miwili, ilifanya kazi mikononi mwake miaka kumi na miwili. Hospitali tano zimetuma watu kujifunza kwake, na kila mmoja ameondoka na kizibo kimoja cha chupa ya dawa mfukoni. Amefundisha watunza vifaa kumi na wanane, na kati yao aliowasifu kwa mdomo wake ni wawili, nao hadi leo hutembea kifua mbele. Hati ya utumishi bora aliipata mara tatu. Ya kwanza ameitundika sebuleni kwake, ya pili inazuia dirisha la chumba cha vifaa lisigonge, na ya tatu anasema ameisahau kwenye basi.

Nisije nikaonekana natia chumvi, niseme pia kwamba si mtu rahisi. Ukiingia na chai kwenye chumba chake cha kamera, utatoka nayo upesi kuliko ulivyoingia. Ufunguo wa kabati hajamwazima mtu, na siku aliyougua meno alikuja na shavu limevimba, akafungua, akarudi nyumbani. Ana wimbo mmoja tu anaouimba puani wakati wa kuosha, na baada ya miaka kumi na minne bado sijui maneno yake, ingawa nimejikuta nauimba jikoni kwangu. Waliowahi kuweka kamera kwenye kasha lenye unyevu walikiona cha mtema kuni.

Sasa anakwenda nyumbani kwa mumewe, ambaye amekwisha kumtengenezea meza ya kushonea yenye droo kumi na nne, zote zenye mifereji. Wajukuu ni watano. Amesema atafuga kuku wachache, atalala mchana bila kuomba ruhusa, na hatasimamishwa na mtu mlangoni kuulizwa kamera iko wapi. Seremala amenong'ona kwamba hesabu ya vijiko vya nyumbani imekwisha kuanza.

Wiki iliyopita ililetwa kamera mpya. Hii haina nyuzi za kioo. Jicho lake limewekwa kwenye ncha kabisa, dogo kuliko punje ya chumvi, na picha yake ni safi kama maji. Fundi aliyeileta alitueleza kwa fahari kwamba kwenye kamera hii mambo ya madoa yamekwisha. Tuligeuka wote kumtazama Bi Madoa, na nakiri tulikuwa na huruma, kwa sababu ilionekana kazi yake na ajira yake vinaisha pamoja. Yeye alichukua karatasi nyeupe. Akaielekezea kamera, akasogeza uso kwenye skrini, akatazama kwa muda mrefu mpaka fundi akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Akachora mduara kwa kizibo chake, akauacha mtupu, na chini yake akaandika, "Madoa hakuna. Kesho angalia tena." Halafu akanikabidhi kalamu, na hiyo ndiyo sherehe ya makabidhiano tuliyofanya.

Sherehe ya watu wote itakuwa Ijumaa ukumbini. Dereva mstaafu amethibitisha kufika, na ameomba nafasi ya kuegesha karibu na dirisha kwa sababu anazozijua yeye. Fundi cherehani atakuwepo pia, na ndiye aliyeshona suti atakayoivaa daktari bingwa. Mstari wa mbele atakaa binti yake, ambaye sasa ana miaka kumi na minne, yuko sekondari, na kwa mujibu wa baba yake ana mdomo ambao haupumziki. Alipoulizwa angependa kumpa Bi Madoa zawadi gani, binti hakutaka kununua kitu. Aliomba ukurasa.

Nimemtafutia. Ni daftari la kumi na moja, karibu na katikati. Mduara mmoja, madoa saba, kubwa juu kushoto. Chini yake neno lile moja la Bi Madoa, kisha sahihi yangu, na chini ya sahihi pamebaki nafasi ya mstari mmoja. Ijumaa, kabla ya hotuba yoyote, tutasimama wote na mikono kifuani, naye binti atausoma ukurasa ule kwa sauti, doa kwa doa. Daktari bingwa atarudia idadi. Nami nitachukua kalamu na kuujaza mstari uliobaki, "Yamesomwa."

Bi Madoa, dada yetu na mwalimu wetu, tunakushukuru kwa kila asubuhi na kwa karatasi nyeupe zote. Nenda ukapumzike, ule ukiwa umekaa, ulale mchana, na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Madoa tutayahesabu wenyewe, na kesho tutaangalia tena.